Jinsi ya Kusoma Sita ya Vikombe na Tisa ya Panga Zinapotoka Pamoja

Wanaojifunza kusoma karata za taroti hukwama mara kwa mara kwenye jozi hii: Sita ya Vikombe, ambayo ni karata ya kumbukumbu na hamu ya siku zilizopita, na Tisa ya Panga, ambayo ni karata ya wasiwasi unaomkesha mtu. Kila moja ikitoka peke yake haina ugumu mkubwa. Zikitoka pamoja, wengi huzijumlisha tu na kutoa jibu kama "mambo ya zamani yanakutia wasiwasi", jibu ambalo haliwezi kuwa kosa kwa mtu yeyote na kwa sababu hiyo halimfai yeyote. Wengine huruka moja kwa moja hadi kwenye utabiri kwamba mpenzi wa zamani atarudi na kuleta machozi.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuzisoma karata hizi mbili kama kauli moja inayojibu swali moja. Ninazichukulia karata kuwa chombo cha kumsaidia mtu kuyatazama mambo yake kwa utulivu, wala sidai kwamba zinajua yatakayotokea kesho. Ambaye dini yake inamkataza ramli na anaihesabu taroti kuwa ramli, afuate dini yake. Sina hoja ya kumshawishi.

## Unachohitaji

Unahitaji seti kamili ya karata 78 yenye picha zilizochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, iliyochapishwa London mwaka 1909, au seti nyingine inayofuata picha hizo. Hili si suala la upendeleo. Katika seti za mtindo wa Marseille, Sita ya Vikombe ni vikombe sita vilivyopangwa na Tisa ya Panga ni panga nane zilizopindana na mmoja ulionyooka katikati, bila mtu wala tukio, kwa hiyo hatua ya pili na ya nne za mwongozo huu hazitakuwa na pa kushika. Vivyo hivyo kwa karata za kawaida za kuchezea: sita ya kopa na tisa ya shupaza ndizo ndugu wa karata hizi, lakini hazina picha ya kusoma.

Uwe pia na daftari, kalamu, meza tupu na mwanga wa kutosha. Ukitumia picha za kwenye simu, zikuze, kwa sababu alama muhimu kuliko zote katika Tisa ya Panga imechongwa ubavuni mwa kitanda na haionekani katika picha ndogo. Tenga muda wa nusu saa usiokatizwa.

## Hatua ya 1: Andika swali na nafasi kabla ya kuchanga karata

Andika swali kwa sentensi kamili, kisha uandike karata ya kushoto itamaanisha nini na ya kulia itamaanisha nini. Kwa jozi, nafasi ninazozipendekeza ni hizi: kushoto ni kile kilicho chini ya jambo, kulia ni namna jambo linavyojitokeza katika maisha ya sasa.

Sababu yake ni kwamba jozi hii ni laini mno mikononi mwa msomaji. Usipoweka nafasi mapema, utaziona karata kwanza, kisha utachagua nafasi zinazoleta hadithi uliyokwisha kuitaka, na hutajua kwamba umefanya hivyo.

Epuka swali la ndiyo au hapana. Hamu na wasiwasi ni hali za moyo na fikra, hazikubali wala hazikatai. Swali zuri huanza na "kwa nini", "nini" au "vipi".

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni hadi mwisho. Muulizaji ni dada mkubwa katika familia, na swali lake ni hili: "Kwa nini sipati usingizi tangu kaka alipoanza kuzungumzia kuuza nyumba ya marehemu baba, na nifanye nini kabla ya kikao cha familia?" Karata zimechangwa, zimekatwa, na zimetoka Sita ya Vikombe kushoto, Tisa ya Panga kulia, zote zikiwa wima.

Umefaulu hatua hii kama mtu mwingine anaweza kusoma ukurasa wako na kujua kila karata inazungumzia nini hata kabla ya kuifunua.

## Hatua ya 2: Eleza picha kwa maneno yako, bila kutaja maana

Andika unachokiona tu. Maneno kama "nostaljia", "hofu" na "huzuni" yasiingie bado. Wanaoshindwa na jozi hii karibu wote hushindwa hapa, kwa sababu wamekariri neno moja kwa kila karata na hawaitazami karata tena.

Katika Sita ya Vikombe kuna ua wa nyumba kubwa ya zamani wakati wa mchana. Mvulana mwenye kofia ya kufunika kichwa ameshika kikombe kilichojaa maua, akiwa ameinama kuelekea kwa msichana mdogo kuliko yeye. Vikombe vingine vimesimama, vinne vikiwa mbele na kimoja juu ya nguzo fupi ya jiwe, vyote vina maua meupe yenye umbo la nyota. Mkono wa msichana umevaa glavu. Nyuma yao, upande wa kushoto, mtu mzima mwenye mkuki au fimbo ndefu anaondoka, mgongo wake ukiwaelekea watoto. Wengi hawamwoni mtu huyu, ilhali ndiye atakayetufaa sana baadaye.

Katika Tisa ya Panga ni usiku, na nyuma ni weusi mtupu. Mtu mwenye nguo nyeupe ya kulalia ameketi kitandani, ameuziba uso kwa viganja. Panga tisa zimelala juu yake kwa mistari ya mlalo. Shuka au mfarishi unaofunika miguu yake una miraba: baadhi ina mawaridi, mingine ina alama za nyota na sayari. Ubavuni mwa kitanda kuna mchongo wa watu wawili wanaopigana, mmoja akimwangusha mwenzake.

Angalia jambo moja zaidi kuhusu panga hizo: hakuna hata mmoja uliomchoma. Katika Tatu ya Panga moyo umetobolewa, na katika Kumi ya Panga mwili umelala ukiwa na panga mgongoni. Hapa zipo nyuma yake na juu yake, naye hazitazami. Kwa hiyo karata hii inaonyesha maumivu ya kuwaza jambo, na si ushahidi kwamba jambo lenyewe limetokea.

Onyo. Usiandike kamwe kwamba Tisa ya Panga ni kifo, ugonjwa au kuharibika kwa mimba. Vitabu vya zamani vina orodha za aina hiyo, na kumsomea orodha hiyo mtu ambaye tayari hapati usingizi ni ukatili.

Umefaulu kama maelezo yako ya kila karata yana angalau vitu vitano vinavyoonekana, na kama mtu asiyejua taroti angeweza kuichagua karata hiyo kati ya nyingine kwa kusikia maelezo yako tu.

## Hatua ya 3: Weka kila karata kati ya majirani zake

Toa kwenye seti Tano ya Vikombe na Saba ya Vikombe, uziweke pande mbili za Sita. Kisha toa Nane ya Panga na Kumi ya Panga, uziweke pande mbili za Tisa. Karata hizi nne hazisomwi kama sehemu ya jibu. Ziko hapo kuonyesha kila karata yako imetoka wapi na inaweza kuelekea wapi.

Katika Tano ya Vikombe mtu mwenye joho jeusi ameinamia vikombe vitatu vilivyomwagika, akiwa amevipa mgongo viwili vilivyosimama. Katika Saba ya Vikombe kuna vikombe vinavyoelea mawinguni vikiwa na vitu vya kutamanisha na vya kutisha: hazina, nyoka, ngome, kichwa cha mtu. Basi kumbukumbu ya Sita imesimama kati ya msiba na ndoto. Imemsaidia mtu kutoka kwenye alichopoteza, lakini ikipita kiasi inageuka kuwa taswira isiyo na miguu ardhini. Hapa pana swali ambalo orodha ya maana haiwezi kukupa: je, muulizaji anakumbuka kilichokuwapo, au tayari ameanza kukibuni?

Upande wa pili, mwanamke wa Nane ya Panga amefungwa na amezibwa macho, na mtu wa Kumi ya Panga yuko chini, mambo yake yamekwisha, ingawa kwa mbali kunapambazuka. Mtu wa Tisa hajafungwa. Hakuna kamba wala kitambaa, na mikono iliyomziba macho ni yake mwenyewe. Pia hajafika mwisho. Jibu linalosema "yote yamekwisha" limesoma Kumi mahali pa Tisa, na kosa hili ni la kawaida sana.

Hatua hii huchukua dakika chache na watu huiruka kwa sababu inaonekana kama mazoezi ya shule. Binafsi naiona kuwa ndiyo inayomtofautisha anayesoma na anayekariri.

## Hatua ya 4: Tafuta mahali ambapo karata zinagusana

Rudisha majirani kwenye seti, sogeza karata zako mbili zikaribiane kabisa, kisha andika kila kitu kinachoonekana katika zote mbili, kikiwa kile kile, kimegeuzwa au kimetoweka. Usiogope kuandika vitu vidogo.

Kwanza, maua. Katika Sita yamo ndani ya vikombe, hai, na mtu anampa mwenzake. Katika Tisa yapo kwenye kitambaa, yameshonwa, hayanukii, na hakuna anayepewa. Kilichokuwa zawadi kimekuwa kifuniko. Msomaji akiona hili tu, tayari ana kauli yenye uzito: kumbukumbu ambayo hapo zamani ilishirikishwa sasa inatumiwa kujifunika, na mtu anajifunika peke yake.

Pili, idadi ya watu. Kwenye ua kuna watoto wawili na mlinzi. Kitandani kuna mmoja. Tatu, mlinzi mwenyewe. Mtoto anaweza kuwa mtulivu kwa sababu kuna mtu mzima mwenye silaha, hata kama mtu huyo anaondoka bila mtoto kujua. Usiku wa Tisa hauna mlinzi, na silaha zilizobaki zinaning'inia juu ya kichwa cha yule yule aliyetakiwa kulindwa. Nne, jozi ya watu: katika ua, wawili wanapeana, katika mchongo wa kitanda, wawili wanapigana. Ugomvi huo haumo chumbani, umechongwa katika mbao ambazo mtu anazilalia.

Katika mfano wetu, dada huyo anakumbuka nyumba yenye ua ambako yeye na kaka yake walikuwa watoto wakipeana vitu, na baba akiwa mlinzi wao. Usingizi wake umekaa juu ya mchongo wa ndugu wawili wanaopigana, pambano ambalo pengine bado halijatamkwa.

Kuna jambo la kifundi linalounga mkono usomaji huu. Vikombe ni maji, panga ni hewa, na kwa desturi ya wanataroti wa Golden Dawn, chama cha siri cha Uingereza alichopitia Waite mwenyewe, maji na hewa ni marafiki: karata za aina hizi zikikaa pamoja hazidhoofishani. Kwa hiyo usitarajie utamu wa Sita upunguze ukali wa Tisa. Zinalishana. Kadiri kumbukumbu inavyokuwa tamu ndivyo fikra inavyopata chakula cha usiku. Desturi hiyo hiyo huipa Sita ya Vikombe Jua likiwa katika Nge, na Tisa ya Panga Mirihi ikiwa katika Mapacha, yaani sayari ya vita katika nyota ya maneno. Kama unajimu haukuvutii, liache hilo, usomaji hautapungukiwa.

Umefaulu kama una angalau mguso mmoja uliokushangaza. Ikiwa yote uliyoandika ungeweza kuyaandika bila kuzitazama karata, rudi kwenye hatua ya pili.

## Hatua ya 5: Fuata mwelekeo

Mpangilio hubadilisha kauli. Sita ikiwa kushoto na Tisa kulia, kumbukumbu iko chini na wasiwasi ndio unaoonekana. Mtu anadhani tatizo lake ni usingizi, madeni, kikao au ugomvi, lakini chini yake kuna kitu cha zamani kinachopimwa na kukutwa hakipo tena. Kazi ya msomaji ni kumsaidia akitaje hicho kitu.

Tisa ikiwa kushoto na Sita kulia, mambo hugeuka. Sasa wasiwasi uko chini, na kinachoonekana nje ni mtu anayezungumza mno kuhusu zamani, anayepekua picha za shuleni usiku au anayetaka kurudi mji aliokulia. Hamu yake ni mahali pa kujificha. Ukimsomea mtu huyu habari za utamu wa utoto wake, utakuwa umemsaidia kuendelea kujificha. Ulizia kwanza hofu ya leo.

Mpangilio huu wa pili ndio unaosomwa vibaya zaidi, kwa sababu karata ya mwisho inapendeza, na msomaji hufurahi kuumalizia usomaji kwa watoto na maua akidhani amepata "mwisho mwema".

Zikikaa moja juu ya nyingine kwa msalaba, ya juu ichukuliwe kuwa kizuizi cha ya chini.

## Hatua ya 6: Ikiwa karata imetoka kichwa chini

Amua kabla ya kuchanga kama utazihesabu karata zilizopinduka. Ukiamua hapana, zigeuze ziwe wima na uendelee, usomaji hautaharibika.

Ukiamua ndiyo, fahamu kwamba Sita ya Vikombe iliyopinduka huelekezwa na Waite kwenye wakati ujao na kuanza upya, huku wasomaji wengi wa leo wakiisoma kama kung'ang'ania zamani. Maana hizi mbili hazipatani, na huwezi kuzitumia zote mbili kulingana na unavyopenda siku hiyo. Chagua moja, iandike kwenye jalada la daftari, uishike. Mimi huchukua ya kwanza, kwa kuwa kung'ang'ania tayari kumo katika karata ikiwa wima.

Tisa ya Panga iliyopinduka ina ugumu wa aina nyingine. Kwa Waite ni shaka, aibu na hofu yenye msingi. Kwa wengine ni wasiwasi unaopungua. Usimwambie mtu kwamba wasiwasi wake unapungua kwa sababu tu karata imepinduka. Muulize kwanza: je, kuna mtu aliyemweleza jambo hili? Akisema hakuna, isome kama aibu. Akisema ameshaanza kulizungumza, isome kama nafuu.

## Hatua ya 7: Andika sentensi moja

Sasa andika usomaji wote katika sentensi moja, ndefu kadiri unavyohitaji. Iwe na kitu kimoja kinachoonekana katika Sita, kitu kimoja kinachoonekana katika Tisa, na jambo moja kutoka kwenye swali la muulizaji.

Kwa mfano wetu, sentensi inaweza kuwa hii: "Unaikumbuka nyumba ya baba kama mtoto aliyekuwa na mlinzi uani, na kinachokuamsha usiku ni kwamba mlinzi ameondoka, ulinzi umebaki mikononi mwako na kwa kaka yako, nanyi mnaulalia ugomvi ambao hakuna kati yenu aliyeutaja kwa jina."

Ipime sentensi yako hivi: je, inaweza kuwa si kweli? Dada huyo anaweza kujibu, "Hapana, mimi na kaka hatuna ugomvi, ninachoogopa ni kwamba fedha zitaishia kwa mawakili." Jibu hilo ni mafanikio, kwa kuwa sentensi imekuwa na makali ya kutosha kukataliwa, na kukataliwa kwake kumeleta ukweli mezani. Sentensi isiyoweza kukataliwa, kama ile ya "mambo ya zamani yanakutia wasiwasi", irudishwe hatua ya nne.

## Hatua ya 8: Mweleze muulizaji

Mwonyeshe picha kwanza, na umwache aseme anachokiona kabla hujasema lolote. Watu wengi humtaja mlinzi au mchongo wa kitanda wenyewe wakipewa muda. Kisha msomee sentensi yako na umalizie kwa swali, kwa mfano: "Ungependa kaka akumbuke nini kuhusu nyumba ile kabla hamjakaa kikao?" Sehemu ya pili ya swali la dada, ile ya kufanya nini, hujibika hapo. Maua ya Sita yanapewa mtu, kwa hiyo kumbukumbu ikazungumzwe na kaka, ana kwa ana na mchana, kabla ya siku ambayo wajomba na mashangazi watakuwa wameketi.

Usimpe hukumu kama "usiuze" au "uza". Karata hizi mbili hazina lolote kuhusu bei, hati wala sheria ya mirathi.

Onyo la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Mtu akikuambia kwamba hajalala vizuri kwa wiki kadhaa, moyo unamwenda mbio bila sababu, hawezi kula au anawaza kujidhuru, funga karata. Mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha, na ikiwa ametaja kujidhuru usimwache peke yake. Kuendelea kumsomea ni kumchelewesha.

## Karata ya tatu

Wengi wakiiona Tisa ya Panga hutaka kuchomoa karata nyingine haraka ili "kuiona nafuu". Usichomoe kabla ya sentensi ya hatua ya saba kuandikwa na kusomwa. Ukiichomoa mapema, utaisoma peke yake na jozi itabaki bila kueleweka. Ikishaandikwa, karata moja inaruhusiwa, iwekwe chini katikati ya zile mbili, kwa swali moja tu: kitu gani kifanyike kwanza. Isomwe kama kitendo. Ikitoka karata unayoiogopa, kwa mfano Mnara, yenye jengo lililopigwa na radi, usiirudishe na kuchomoa nyingine. Iandike ilivyo, pamoja na tarehe, ili baada ya kikao muulizaji aweze kurudi kwenye ukurasa huo na kuona ni wapi usomaji uligusa na ni wapi ulikosea.